Muhima: Nani atamlipa mwalimu wa mifupa?

*Misumari huja kwa hisani, walimu wageni huja na mradi, na mradi huisha. Kigali ina nafasi adimu ya kujaribu njia kongwe kuliko zote mbili: wakfu.*

Mvua ya jioni ikinyesha Kigali, barabara inayopanda kutoka Nyabugogo kwenda mjini kupitia Muhima haimhurumii mtu. Mabasi ya mikoani yanaingia gare, malori yaliyotoka mpaka wa Gatuna yanasogea hatua kwa hatua, na katikati ya vyuma vyote hivyo wanapenya motari wa pikipiki za abiria, dereva na abiria kila mmoja na helmeti yake kama sheria inavyotaka. Helmeti inalinda kichwa. Mguu hauna cha kuulinda.

Pikipiki inateleza, watu wanajaa, mmoja anapiga 912, gari la wagonjwa la SAMU linakuja. Hospitali ya Muhima iko palepale kilimani, lakini hiyo ni hospitali ya wilaya ambayo sifa yake kubwa ni uzazi. Waulize vijana wa Kigali walikozaliwa, wengi watakutajia Muhima. Aliyevunjika paja anapandishwa juu zaidi, hadi CHUK, Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali.

Paja si kidole. Mfupa wake ndio mrefu kuliko yote mwilini, na umezungukwa na misuli yenye nguvu. Ukikatika, misuli hiyo huvuta vipande vikapandana na mguu ukafupika. Plasta peke yake haifui dafu. Ama mgonjwa alazwe wiki sita na zaidi, mguu ukivutwa kwa uzito unaoning'inia kwenye kamba na kapi, ama apasuliwe na kuwekewa msumari ndani ya mfupa, kisha asimame kwa magongo baada ya siku chache.

Kwa motari, tofauti ya njia hizo mbili ni kodi ya nyumba. Mituweli, bima ya afya ya jamii, hulipa sehemu kubwa ya gharama za hospitali na kumwachia mwanachama asilimia 10. Hailipi mapato ya wiki sita kitandani, wala deni la pikipiki.

Njia atakayopata mgonjwa inategemea vifaa vilivyopo, daktari aliye zamu, na aliyemfundisha daktari huyo. Vifaa hupata wafadhili. Daktari wa zamu hulipwa na serikali. Makala haya yanamhusu huyo wa tatu.

Msumari una mfadhili

Misumari inayowekwa ndani ya mapaja ya Waafrika Mashariki wengi imetoka mji mdogo wa Richland, jimbo la Washington, Marekani. Huko ndiko yaliko makao ya shirika la SIGN Fracture Care International, lililoanzishwa mwaka 1999 na Lewis Zirkle, daktari wa mifupa aliyewahi kuhudumu jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, ni miongoni mwa hospitali za ukanda huu zilizotumia sana misumari hiyo.

Ubunifu wake ni wa kifundi hasa. Msumari wa kawaida hufungwa kwa skrubu zinazopita kwenye matundu yake, na kuyapata matundu hayo ndani ya mfupa kunahitaji mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo wakati wa upasuaji. Hospitali nyingi hazina mashine hiyo, au ipo na imeharibika. Msumari wa SIGN unakuja na mkono wa chuma unaokaa nje ya mguu na kumwelekeza daktari tundu lilipo, bila eksirei.

Hisani yenyewe nayo imepangwa kwa akili. Daktari hutuma kwenye kumbukumbu za shirika taarifa ya kila upasuaji pamoja na picha zake, na misumari aliyotumia hujazwa upya bure. Asiyetoa taarifa hajaziwi. Nimeona misaada mingi katika kazi yangu, michache imefikiriwa namna hiyo.

Lakini msumari hauwezi kumwambia mwanafunzi wa ubingwa saa nane usiku kwamba kidonda hiki kimechafuka, kioshwe kwanza, chuma kisubiri. Hilo husemwa na mtu aliyesimama nyuma yake. Mtu huyo amesoma shahada ya udaktari, akafanya kazi wilayani, akarudi kusomea ubingwa kwa miaka mingine minne au zaidi, na sasa hospitali binafsi inamtafuta kwa mshahara ambao hospitali ya kufundishia haiwezi kuufikia. Mfadhili wa kumbakiza hapo haonekani kirahisi, kwa sababu mwalimu hawezi kupigwa picha akiwa na utepe unaokatwa.

> Mwalimu hawezi kupigwa picha akiwa na utepe unaokatwa.

Miaka saba ya wageni

Elimu ya udaktari Rwanda ilianza Butare mwaka 1963, chuo kikuu cha taifa kilipofunguliwa. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 yalikikuta na walimu wachache na yakakiacha na wachache zaidi. Madaktari waliuawa, wengine wakakimbia, wengine wakashiriki katika mauaji. Kwa miaka mingi baadaye, aliyetaka ubingwa wa mifupa alitazama nje ya nchi.

Tiba ya mifupa yenyewe ilikuwa na makao kwingine, nje ya chuo. Mwaka 1960 padri Mbelgiji, Joseph Fraipont Ndagijimana, alianzisha Gatagara, katika wilaya ya leo ya Nyanza, makao ya watoto wenye ulemavu aliyoyaita kwa heshima ya Bikira wa Maskini. Watoto wa polio walifunzwa kutembea hapo kabla nchi haijapata uhuru. Leo Gatagara ni hospitali ya mifupa na utengamao inayotambuliwa na serikali. Rilima, kule Bugesera, kuna kituo kingine cha Kanisa kinachopasua watoto wenye miguu iliyopinda. Historia ya mifupa Rwanda, kwa sehemu kubwa, ni historia ya sadaka.

Mwaka 2012 kikaja kitu kikubwa. Mpango wa Rasilimali Watu katika Afya, wenye bajeti iliyopangwa ya takriban dola milioni 150 kwa miaka saba, ulileta wahadhiri kutoka vyuo zaidi ya 20 vya Marekani kufundisha madaktari, wauguzi na mameneja wa hospitali. Fedha zilitoka Global Fund na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, na upasuaji wa mifupa ulikuwa miongoni mwa fani zilizonufaika. Vyuo hivyo vilikubali kukata asilimia 7 tu kwa gharama zao za uendeshaji, jambo ambalo wanaojua vyuo vya Marekani watakubali kwamba ni muujiza mdogo.

Wageni walisimama kwenye ukumbi wa upasuaji bega kwa bega na wenyeji, wakaandika mitaala, wakakagua zamu. Kisha PEPFAR ikajiondoa mwaka 2017, na miaka saba ikatimia mwaka 2019. Waliofunzwa walibaki, nao ndio wanaofundisha sasa. Mfuko uliolipa mafunzo haukubaki.

Fanya hesabu ya kuwaza tu. Kama sehemu moja ya kumi ya bajeti ile, yaani dola milioni 15, ingewekwa kando na kuwekezwa, kisha ikatolewa asilimia 4 kila mwaka, idara za upasuaji zingekuwa na dola 600,000 kwa mwaka hadi leo, na mwakani, na mwaka utakaofuata. Haikuwezekana. Fedha za namna ile hutolewa kwa sharti kwamba zitumike ndani ya muda uliowekwa. Aliyebakiza chochote anaonekana ameshindwa kazi.

Cha ajabu, mwaka uleule wa 2012 Wanyarwanda walijifunza somo la upande wa pili. Wafadhili walipozuia misaada kwa sababu ya vita vya waasi wa M23 mashariki mwa Kongo, serikali ilianzisha Mfuko wa Agaciro, na wananchi wakachangia kuanzia wafanyabiashara hadi wakulima. Agaciro uliundwa kama akiba ya taifa inayowekezwa. Kwa hiyo wazo la fedha isiyoguswa si geni Kigali. Halijafika tu kwenye idara ya mifupa.

Miaka ya karibuni imelirudisha somo hilo kwa ukali. Februari 2025 Rwanda ilisitisha ushirikiano wa maendeleo na Ubelgiji, na Machi uhusiano wa kibalozi ukavunjika. Sababu, Kongo tena. Kabla ya hapo, Januari, Washington ilikuwa imesimamisha misaada yake duniani kote. Haya yote yalitokea wakati Wizara ya Afya ikiwa katikati ya mkakati wake wa 2023, uitwao 4x4, wa kuongeza wafanyakazi wa afya mara nne ndani ya miaka minne. Wanafunzi wa ubingwa wanaongezeka. Kila mmoja anahitaji mtu wa kusimama nyuma yake.

Fundi baiskeli wa Oxford

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua wa wakfu wa mifupa ulianzishwa na mtu aliyetengeneza magari.

William Morris alianza na mtaji wa pauni 4, akitengeneza baiskeli Oxford mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye akaunda magari ya Morris, akatajirika kupita kiasi, akapewa cheo cha Lord Nuffield. Hakuwa na watoto. Mwaka 1936 alikipa Chuo Kikuu cha Oxford pauni milioni 2 zianzishe shule ya udaktari yenye viti vya uprofesa vinavyolipwa na faida ya fedha hizo. Mwaka 1937 Gathorne Girdlestone alikalia kiti cha upasuaji wa mifupa, cha kwanza nchini Uingereza.

Kiti hicho kipo mpaka leo. Pamepita Vita Kuu ya Pili, kuporomoka kwa himaya ya Uingereza na kufa kwa kampuni yenyewe ya Morris. Idara nzima ya mifupa ya Oxford inabeba jina la Nuffield.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 idara hiyo ilifika hadi kwetu. Kwa kushirikiana na COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao yake Arusha, ilifundisha huduma ya majeruhi katika nchi kadhaa za ukanda, Rwanda ikiwamo. Msimamizi wa mafunzo hayo, Profesa Chris Lavy, aliwahi kuishi Malawi na kuanzisha Blantyre hospitali ya mifupa ya Beit CURE, iliyofunguliwa mwaka 2002. Jina la Beit nalo ni la wakfu: Alfred Beit, tajiri wa almasi na dhahabu wa Afrika Kusini aliyefariki mwaka 1906, aliacha mfuko ambao bado unatoa fedha Malawi, Zambia na Zimbabwe.

Tazama mpangilio ulivyo. Mafunzo yaliyokuja kwetu yalilipwa na ruzuku ya serikali ya Uingereza, yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Idara iliyowatuma walimu ina mtaji uliowekwa mwaka 1936. Wao wanatuma watu kutoka kwenye mfuko usiokwisha. Sisi tunawapokea kwa mradi unaokwisha.

> Idara iliyowatuma walimu ina mtaji wa mwaka 1936. Mafunzo yaliyotufikia yalikuwa na tarehe ya kwisha.

Kuna namna nyingine, na hii ni ya madaktari wenyewe. Novemba 1958, katika mji wa Biel, Uswisi, wapasuaji 13 waliunda kundi la kuchunguza kwa nini mifupa iliyovunjika ilikuwa ikiwaacha watu vilema. Walibuni sahani na skrubu ambazo sasa zinatumika katika hospitali nyingi duniani. Badala ya kila mbunifu kujilipa kwa kila skrubu iliyouzwa, haki za ubunifu huo waliziweka kwenye chombo cha pamoja, na mapato yakagharimia utafiti na ufundishaji. Chombo hicho, AO, kikawa wakfu rasmi mwaka 1984. Katikati ya miaka ya 2010 kikazaa shirika la AO Alliance, linaloendesha mafunzo ya mifupa katika nchi maskini, Afrika ikiwa mbele.

Butaro ina jina, Kigali ina majeruhi

Mtu atasema Rwanda tayari ina shule ya udaktari iliyojengwa na hisani. Ni kweli. Chuo Kikuu cha Usawa wa Afya Duniani (UGHE), kilichoanzishwa mwaka 2015 na shirika la Partners In Health la hayati Paul Farmer, kina kampasi Butaro, wilayani Burera, iliyozinduliwa Januari 2019. Mtaji wa kuanzia ulitoka kwa wakfu wa Bill na Melinda Gates na kwa Cummings Foundation ya Massachusetts, ya Bill Cummings, tajiri wa majengo, na mkewe Joyce.

Kundi la kwanza la wanafunzi wa udaktari lilikuwa la watu 30, theluthi mbili wakiwa wanawake, na hawakulipa ada. Walitia saini ahadi ya kutumikia watu wenye uhitaji baada ya masomo. Farmer alifariki Butaro Februari 2022. Mwaka huohuo Cummings Foundation ilitoa dola milioni 50 kwa ajili ya ushirikiano wenye jina la Farmer kati ya Shule ya Udaktari ya Harvard na UGHE.

Sina shaka na thamani ya chuo kile. Lakini ni chuo binafsi, kiko mlimani karibu na mpaka wa Uganda, na kina hadithi ambayo tajiri wa Boston anaielewa kwa dakika tano: daktari mashuhuri, kijiji cha mbali, majengo mazuri. Chuo Kikuu cha Rwanda, cha umma, ndicho kinachotoa madaktari wengi wa nchi hii, na wanafunzi wake wa ubingwa ndio wanaokesha CHUK na katika hospitali za Huye na Kanombe. Hakina hadithi ya namna hiyo. Kina foleni.

Matajiri hupeleka fedha mahali wanapopaelewa. Huo si uovu, ila wakfu ukiachiwa wao peke yao, utaota pale tu penye simulizi nzuri.

Wanaosema hapana

Hoja dhidi ya wakfu ni nyingi, na baadhi ni nzito.

Ya kwanza husemwa na yeyote aliyewahi kupita kwenye wodi iliyojaa. Dola milioni 1.25 zikiwekezwa zitatoa, kwa asilimia 4, dola 50,000 kwa mwaka, zinazotosha kumshikilia mwalimu mmoja bingwa na kubakiza kidogo. Fedha hizohizo zikitumika leo zinanunua mashine za eksirei za ukumbini, vitanda na dawa za usingizi. Nani atamweleza aliyelala kwenye kapi kwamba fedha zipo, ila haziguswi?

Ya pili ni ya watu wa benki. Wakfu wa faranga za Rwanda unaweza kununua hati fungani za serikali zinazolipa zaidi ya asilimia 10, na kwa mbali inapendeza. Lakini mwishoni mwa 2022 mfumuko wa bei mijini ulipita asilimia 20. Mfuko unaotoa faida yote ya mwaka kama huo unajila wenyewe bila kujua. Ukiwekwa kwa dola nje ya nchi unalindwa na hilo, ila unakuwa umehama, na mlinzi wake yuko mbali na CHUK.

Ya tatu inahusu mkono unaotoa. Katika fani zote za tiba, mifupa ndiyo iliyo karibu zaidi na kiwanda, kwani daktari ndiye anayechagua chuma cha kununuliwa. Septemba 2007, nchini Marekani, kampuni nne kubwa zinazotengeneza nyonga na magoti ya bandia zilikubali kulipa dola milioni 311 kumaliza kesi ya madai kwamba ziliwalipa madaktari kwa kisingizio cha ushauri ili watumie bidhaa zao. Kampuni ya aina hiyo ikijitolea kulipa kiti cha profesa Kigali, idara itafundisha kuunga mapaja ya motari au kubadili magoti ya wenye bima nono?

Hata hivyo, wakati mwingine mtoaji naye huwa sahihi kuliko wasomi. Nuffield alitaka uprofesa wa dawa za usingizi. Oxford haikuutaka, ikiona hiyo si fani ya chuo kikuu. Alishikilia, ukaanzishwa. Leo hakuna mpasuaji atakayekuambia nusukaputi si elimu.

Hoja inayonisumbua mimi ni ya nne, na husikika kidogo: Hazina ikiona wakfu unalipa walimu, itapunguza fungu lake. Wizara ya fedha haipendi kulipa mara mbili, na ukiwa mwaka wa shida haipendi kulipa hata mara moja. Wakfu ukimlipa mwalimu mshahara wake wote, umeinunulia serikali nafuu, si mgonjwa.

Dawa yake ni kuandika masharti tangu mwanzo. Serikali iendelee kulipa mshahara wa msingi. Wakfu ulipe kile ambacho bajeti hukikata kwanza: saa za kufundisha ambazo daktari angezitumia kwenye kliniki binafsi, ada za mitihani ya COSECSA, utafiti wa majeruhi wetu wenyewe, safari ya mwalimu kwenda kuwakagua waliomaliza walioko hospitali za wilaya. Fungu la serikali likishuka, na malipo ya wakfu yasimame mpaka lirudi. Sharti kali, lakini bila hilo ni kuchota maji kwa pakacha.

Chini zahanati, juu wapangaji

Tukiongea kana kwamba wakfu ni kitu cha Oxford na Boston, tunajisahau. Pwani yote ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Kilwa, nyumba za wakfu zimelipia mafuta ya taa za misikiti na chakula cha wanafunzi wa chuoni kwa karne nyingi, na Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mpaka leo. Waislamu wa Biryogo, ng'ambo ya mji ukitoka Muhima, ambao Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani, hawahitaji mtu wa kuwaeleza kwamba mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi.

Na ukitaka wa tiba, upo. Kwenye barabara ya Mizingani, Zanzibar, ikitazama bandari, iko nyumba ya ghorofa yenye roshani za mbao zilizochongwa. Tharia Topan, mfanyabiashara tajiri, aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887 akitaka iwe hospitali. Alifariki kabla haijaisha. Mwaka 1900 ilinunuliwa kwa mali iliyoachwa na mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nur Mohamed, ikawa zahanati ya hisani chini na nyumba za kuishi juu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilichakaa, hadi miaka ya 1990 ilipokarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture.

Kigali nayo imewahi kujaribu kitu cha jamii hiyo, na kwa ajili ya viungo hasa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Gatera Rudasingwa Emmanuel na mkewe Mjapani, Mami Yoshida, waliendesha mradi wa Mulindi Japan One Love, karakana iliyotengeneza miguu ya bandia na kuwapa bure waliokatwa viungo. Pembeni walijenga nyumba ya wageni na mgahawa, mapato yakaingia karakanani. Aliyekula chakula pale alikuwa anamnunulia mtu mguu. Lakini kiwanja kilikuwa bondeni penye maji. Mafuriko yaliwakumba, na baadaye ikabidi waondoke, jiji lilipokuwa likisafisha mabonde yake.

> Aliyekula chakula pale alikuwa anamnunulia mtu mguu.

Wazo lao halikuwa na kasoro. Ardhi ndiyo iliyowaangusha.

Kiwanja cha kilimani

Hapo ndipo Muhima inaporudi kwenye hesabu. Mpango wa serikali ni CHUK kuhama kutoka kilimani kwenda Masaka, wilayani Kicukiro, kwenye hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa China yenye zaidi ya vitanda 800. Hospitali ikihama, kinachobaki nyuma ni eneo pana katikati ya Nyarugenge, juu ya Muhima, hatua chache kutoka maduka na benki. Kigali ina viwanja vichache vya namna hiyo, na hiki hakiko bondeni.

Ardhi ile ni ya umma na itatafutiwa matumizi. Zitakuja hoteli, ofisi na fleti, kama zilivyokuja kwingine mjini, na mwekezaji atalipa mara moja, fedha ziende kwenye mfuko mkuu wa serikali ambako hazitaonekana tena.

Pendekezo langu ni dogo kuliko hilo. Sehemu ya eneo lile, hata jengo moja, isiuzwe. Ikodishwe kwa muda mrefu kwa atakayeijenga, chini maduka, juu fleti, na kodi yake iingie kwenye mfuko wa wakfu wa idara za upasuaji za Chuo Kikuu cha Rwanda, mifupa ikiwa ya kwanza. Kodi ya pango mjini huelekea kupanda pamoja na bei, kwa hiyo hofu ya watu wa benki inapungua. Mtoaji ni Mnyarwanda mwenyewe, kwa hiyo hakuna kiwanda cha nyonga kinachochagua cha kufundishwa. Na tajiri wa nje akitaka kuongeza, akute mfuko wenye hati na bodi, aweke chake juu ya kilichopo.

Kuhusu bodi, ningependa wapasuaji wawe wachache. Wawepo watu wa Hazina na wa chuo, mhasibu asiyeajiriwa na yeyote kati yao, na kiti kimoja cha ushirika wa motari. Wao ndio wateja wakubwa, na kila siku wanapita chini ya kilima hicho.

Pingamizi litakuwepo: majeruhi watakuwa Masaka, mapato yatakuwa Nyarugenge. Kodi haihitaji kukaa karibu na mgonjwa. Inahitaji kukaa mahali ambapo mpangaji anaweza kulipa, na kati ya Masaka na kilima cha Muhima, hilo halina ubishi.

Kilicho na ubishi ni muda. Hati ya wakfu huandikwa wakati mwenye mali bado yumo ndani. Vitanda vikishapakiwa kwenye malori, kiwanja kitakuwa na waombaji wengine, wenye mawakili, ramani zilizokwisha kuchorwa na fedha taslimu mkononi.